Arobaini au Arobaini na Moja: Siku Sita Mombasa na Babu

Daftari hili niliandika kwa penseli mwaka 1994, nikiwa na miaka ishirini na miwili na nikidhani kila mzee aliyekwenda vitani Bama (Burma) ana siri kubwa ya kunipa. Nimelinakili kama lilivyo. Pale nilipoongeza jambo nililolijua baadaye, nimesema.

Jumanne, 29 Novemba

Basi limeondoka Tanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kabla hatujafika Amboni Babu keshanipa idadi: watu sitini na watatu, watoto wa mgongoni wakiwemo.

"Na kuku?"

"Kuku hawana silaha."

Ndivyo alivyo. Akiingia msikitini anahesabu viatu, akiingia hotelini anahesabu milango. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema aliolewa na karani wa sensa.

Barabara ya Horohoro ni mbaya, na mvua za vuli zimeimaliza kabisa. Tumekwama mara mbili. Mara ya pili wanaume tulishuka kusukuma, Babu akabaki kando na kutuelekeza tuweke matawi chini ya tairi badala ya kupiga kelele. Basi likatoka. Hakusema alijifunzia wapi, nami sikuuliza.

Pale Lungalunga ofisa wa uhamiaji, kijana mwenye adabu, akamuuliza, "Mzee, waenda Mombasa kwa shughuli gani?"

"Kubishana."

Kijana akacheka, akagonga muhuri.

Tumefika Likoni jua linaelekea magharibi. Kwenye feri watu wamesimama kimya kuliko nilivyotarajia. Leo ni miezi saba kamili tangu ile ya Mtongwe ilipozama, 29 Aprili, wakafa watu 272. Mama mmoja karibu yetu alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu tangu tuingie hadi tulipogusa ng'ambo. Babu alitazama upande wa bandari. "Meli saba," akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Siku ile zilikuwa zimejaa huku kote. Ungeweza kuvuka bila kulowa."

Siku ile ni mwaka 1943, alipopandishwa meli hapa Kilindini pamoja na kikosi chake, KAR (King's African Rifles) ya 36, vijana wa Tanganyika, kwenda Ceylon (Sri Lanka ya sasa). Hilo nalijua. Ninalolitaka ni yale yaliyofuata: alikuwa katika wale waliotangulizwa mbele kuchungulia adui, na katika maisha yake yote hajanieleza habari hiyo zaidi ya dakika tano.

Jumatano, 30 Novemba

Tumefikia Majengo kwa somo yake. Ni somo kwelikweli, kwani wana jina moja, na jeshini walitenganishwa kwa kuitwa Wan na Tuu, yaani moja na mbili kwa Kiingereza. Babu ndiye Wan. Somo ni Mdigo wa upande wetu, lakini vita vilipokwisha hakurudi Tanga. Aliingia bandarini kuwa kuli, na Januari 1947, watu wa Mombasa walipogoma mji mzima, naye alikuwa miongoni mwao. Habari ya mgomo anaieleza kwa raha, saa nzima, na Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, akimtaja kama jirani yake. Ya Bama hajaigusa.

Wamekula mahamri na mbaazi, wamebishana kama mbaazi za Tanga zina nazi nyingi zaidi, wamelala. Nimeandika ukurasa mmoja tu.

Alhamisi, 1 Desemba

Asubuhi tumekwenda kwa miguu. Kwenye barabara ya Jomo Kenyatta tumesimama mbele ya sanamu za askari, zilizowekwa baada ya vita vya kwanza kama zile za Nairobi na Dar es Salaam. Chini pameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu. Nilianza kusoma kwa sauti lakini wazee hawakunisikiliza. Walikuwa wakitazama miguu.

"Wa zamani walikwenda peku," akasema Babu.

"Bora wao," Somo akajibu.

Kutoka hapo tukashuka hadi Fort Jesus, na mzee mmoja wa Kibokoni akaungana nasi. Yeye ni wa asili ya Kishihiri, na baba yake alichukua bunduki mwaka 1914 chini ya Mwingereza aliyeitwa Wavell. Karibu na ngome kuna nguzo ya kumbukumbu ya huyo Wavell na askari wake Waarabu. Mzee wa Kibokoni anaipita kila siku akienda sokoni na anaiita "jiwe la baba".

Habari za Wavell zinafaa kuelezwa. Alikuwa na shamba la mkonge upande wa Nyali. Mwaka 1908 aliondoka kwenda Makka akijifanya Mzanzibari, na mmoja wa wenzake wawili wa safari alikuwa Mswahili wa hapa Mombasa, jina lake Masaudi. Mtu ambaye amehiji kwa kujificha hahitaji kufundishwa upelelezi. Vita vilipozuka akakusanya Waarabu wa mji huu, na kazi yao ikawa pwani ya kusini: Gazi, Majoreni, Mwele, njia zilezile tulizopita na basi juzi. Walijua vichochoro vya mikoko na visima vya maji ya kunywa, na wakiulizwa na mtu njiani walikuwa na maneno ya kumjibu. Wavell aliuawa Mwele tarehe 9 Januari 1916.

"Na baba yako alisema nini juu ya kazi yao?" nikamuuliza, penseli mkononi.

"Kuwa Mwele pana mbu."

"Hilo tu?"

"Na kuwa Wavell akisali vizuri."

Babu na Somo wakaangua kicheko, wakinitazama mimi. Nimeanza kuelewa kwamba hawa watu wanaujua mchezo huu kuliko mimi.

Ijumaa, 2 Desemba

Leo ndiyo siku yenyewe. Tarehe 2 Desemba 1944 jeshi la Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, liliingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Miaka hamsini. Hakuna gwaride wala mtu wa redio. Baada ya sala ya Ijumaa wazee wanne wamekaa kwenye baraza ya Somo: Babu, Somo, mzee wa Kibokoni, na wa nne ni Mkamba wa Changamwe aliyekuwa dereva jeshini. Kumeletwa pilau, kisha muuza kahawa akaitwa na dele lake, na hakuruhusiwa kuondoka.

Wameanza na mvua. Nilidhani wataanza na risasi. Robo saa ya mvua! Kutoka Tamu kushuka bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko, njia ilikuwa uji. Chakula kilidondoshwa na ndege, na gunia la mchele likipasuka juu ya miti, kulikuwa na mchele kwenye majani kama theluji, akasema Mkamba, ambaye hajaona theluji. Pale Tamu walikuta mifupa ya wakimbizi waliokuwa wakikimbia Bama mwaka 1942, wengine bado wamekaa ndani ya magari. Hilo walilipita haraka, wote wanne, wakaingia kwenye habari ya ruba.

Ruba alichukua muda mrefu. Humvuti, maana kichwa hubaki. Unamgusa kwa chumvi, au tumbaku, au moto wa sigara. Lakini sisi, akasema Babu, na hapo ndipo nilipoinamisha kichwa kwenye daftari asije akaona uso wangu, sisi sigara hatukuwa nazo.

"Kwa nini?"

"Moshi una harufu. Sabuni ina harufu. Hata zile dawa za homa zilizotugeuza manjano, Somo alidai zinanuka."

"Zilinuka," Somo akasema.

Basi wakaeleza, kwa zamu, mmoja akimkatiza mwingine. Walitumwa watatu au wanne, siku mbili au tatu mbele ya wenzao. Kikombe kilifungwa kitambaa kisigonge. Kikohozi kilikoholewa ndani ya kofia. Bunduki walipewa, lakini aliyeipiga alikuwa ameshaharibu kazi. Kazi ilikuwa macho na miguu: nenda, tazama, hesabu, rudi. Aliyerudi na hadithi nzuri bila idadi alirudishwa.

Njiani walisoma nyayo. Mjapani alikuwa na kiatu cha mpira kilichogawanyika penye kidole gumba, na alama yake kwenye tope ni kama kwato ya mbuzi mkubwa. Ukingo ukiwa mkali, amepita leo. Maji yakiwa yametulia ndani na kuwa safi, amepita jana.

"Na zenu?" nikauliza.

"Buti zetu ziliacha alama kama mtumbwi," Somo akasema. "Tukazivua. Lakini mguu wa Mdigo nao, kule Bama wajulikana. Watu wa kule wana miguu midogo. Tukawa twatembea juu ya mizizi na mawe kama tumbili."

Mzee wa Kibokoni akauliza kama ni kweli Wajapani waliambiwa Waafrika wanakula watu. Somo akasema alisikia hivyo, na kwamba aliyeeneza habari hiyo aliwafanyia wao hisani kubwa. Wakacheka tena. Muuza kahawa naye akacheka, akamwaga kahawa.

Kisha Babu akasema, bila kuulizwa, "Walikuwa arobaini."

Somo akaweka kikombe chini. "Arobaini na moja."

Kumbe ndiyo hiyo. Hii ndiyo sababu ya safari.

Nimeandika jinsi nilivyosikia. Ilikuwa kusini mwa Tamu, wamelala ndani ya mianzi juu ya kilima kidogo, usiku mbili na mchana mmoja, njia ya miguu ikiwa chini yao, karibu kiasi cha kutupa jiwe. Alfajiri ya pili Wajapani wakapita wakirudi kusini. Walikuwa wamechoka, wengine bila bunduki, wakitembea wameinamia tope. Wan na Tuu kila mmoja alikuwa na kokoto mfuko wa kushoto, na kwa kila mtu aliyepita kokoto moja ilihamia mfuko wa kulia. Ndivyo walivyofundishwa, kwa sababu mtu mwenye hofu husahau hesabu lakini vidole havisahau. Mwisho wa msafara watu wanne walikuwa wamebeba machela ya mianzi, na juu yake mtu.

Walipofika kwa luteni wao, Babu, aliyekuwa koplo, alisema arobaini. Somo, nyuma yake, akasema, "Arobaini na moja, bwana." Luteni akawatazama wote wawili, akaandika kitu, akawapa chai. Aliandika ngapi hawajui mpaka leo.

"Maiti hahesabiwi," akasema Babu. "Tuliulizwa askari. Maiti si askari."

"Hakuwa maiti."

"Machela ilikuwa ikitikisika. Mkono wake ukatikisika nayo."

"Mimi sijasema mkono," Somo akasema. "Miaka hamsini wanisingizia mkono."

Babu akanyamaza. Nadhani hata yeye hakuwahi kuyasikia yaliyofuata, kwa namna alivyogeuza shingo.

"Wenzake wote walitazama chini, kwenye tope. Yeye alikuwa chali. Yeye peke yake alikuwa akitazama juu, huku kwetu. Alinitazama, Wan. Mimi na yeye."

"Maiti pia hutazama."

"Maiti hafumbi macho. Alinitazama mpaka wakafika penye kona, kisha akafumba macho, taratibu, kama mtu anayetaka kulala. Na hakusema neno."

Mkamba akasema, "Alikuwa na homa huyo. Hakuona kitu."

"Labda," Somo akasema.

Nikauliza swali la kijinga, na sasa nikilisoma naona haya: nilimuuliza mbona hakusema hivyo siku ile kwa luteni. Mzee wa Kibokoni ndiye aliyenijibu. "Mpelelezi aliyeonwa, mwanangu, ataripoti vipi kuwa ameonwa?"

Muadhini wa Alasiri akaita. Waliondoka pamoja kwenda msikitini, na Babu alikuwa ameshika kiwiko cha Somo, au Somo alikuwa ameshika cha Babu. Kwa nyuma haikujulikana.

Jumamosi, 3 Desemba

Mzee wa Kibokoni naye alikuwa na lake, ila jana hakupewa nafasi. Ametupeleka mpaka shule ya Allidina Visram, kando ya maji. Mwaka 1942, akiwa kijana, alipata kibarua hapa. Wanafunzi walikuwa wameondolewa, jengo limechukuliwa na jeshi la majini la Waingereza, langoni kuna askari. Yeye alifagia. Ndani kulikuwa na wanaume wa Kizungu waliovaa kama walimu na wanawake waliovaa sare nyeupe, wote wakiandika tarakimu. Hakuna aliyeandika maneno. Jioni karatasi zilichomwa, na kazi yake ya mwisho kila siku ilikuwa kuvuruga majivu kwa fimbo hadi yawe unga.

"Ukaambiwa ni nini?"

"Nikaambiwa nivuruge."

(Hapa naongeza ya baadaye. Miaka mingi kupita nilisoma habari za jengo lile. Wajapani waliposhambulia Colombo Aprili 1942, meli za Waingereza za bahari ya mashariki zilihamia Kilindini, na pamoja nazo wakaja watu wa kuvunja maandishi ya siri ya Wajapani. Waliwekwa katika shule ile. Mwaka huohuo operata mmoja wa Kijapani alisahau kuandika mahali meli ilipo na inakoelekea, na badala ya kutuma ujumbe mpya akaurudia uleule, akiongeza yaliyosahaulika, kwa ufunguo uleule. Kwa kosa hilo moja John MacInnes na Brian Townend wakapata mlango wa kuingilia katika maandishi yaliyoitwa JN-40, ya meli za mizigo. Walirudi Colombo mwaka 1943. Babu alipokuwa kambini hapa akisubiri meli, amekatazwa hata kumwandikia mama yake anakwenda wapi, watu hao walikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka alipolala. Mzee wa Kibokoni alifariki kabla sijapata kumweleza alichokuwa akikivuruga.)

Siku ile nilimuuliza kama aliapishwa. Akasema ndiyo, walimwapisha. Somo akamwambia, "Yakhe, waliokuapisha walishateremsha bendera yao tangu 1963. Sema tu."

"Nimeshasema. Ni majivu."

Jioni tumekaa Lighthouse, barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, tukila mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili. Kutoka hapo unaiona meli ikiingia mlango wa Kilindini kana kwamba utaigusa. Mkamba wa Changamwe hakuwa amezungumza tangu tufike. Kisha akasema kwamba mara ya mwisho kumuona kaka yake alisimama upande huu huu, Februari 1944. Kaka alikuwa wa mizinga, kikosi cha 301. Meli ni Khedive Ismail. Ilitoka hapa kwenye msafara wa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani na kuzama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo manesi na wale wanawake wa jeshi la majini. Nyambizi ilijificha chini ya walionusurika majini, na manowari za Waingereza zikadondosha mabomu hapohapo walipokuwa wakiogelea.

Alieleza bila kupandisha sauti. Babu hakuhesabu meli jioni hii. Nilimtazama nikisubiri.

Jumapili, 4 Desemba

Somo ametusindikiza hadi Likoni. Hawakuagana kwa maneno mengi. Somo alisema, "Haya, Wan," na Babu akasema, "Haya." Somo akabaki ng'ambo amesimama na kanzu yake, mpaka tukashindwa kumtofautisha na wauza maji.

Pale Lungalunga basi lilichelewa saa tatu. Tumekaa chini ya mwembe, embe dodo zinaanguka zenyewe. Babu akaniambia nitoe daftari.

"Mwandikie Somo."

"Tumeachana naye asubuhi hii!"

"Andika. Salamu nyingi. Sema tumefika Lungalunga salama. Sema koti langu nimelisahau msumarini, asilipeleke kwa fundi, nitakuja kulichukua mwenyewe."

Nikaandika. Akanyamaza kitambo kirefu, akimtazama mtoto aliyekuwa akiokota maembe na kuyatia ndani ya shati.

"Sasa andika: arobaini na moja."

Nikaandika kwa tarakimu. Akachukua daftari, akalisogeza mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akasoma, akanirudishia.

"Niongeze nini, Babu?"

"Muulize mchele wa Majengo kilo wanauza bei gani. Juzi nilisahau."